Cheo cha Lord Delamere: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kenya nzima inalijua jina la Delamere. Wengine wanalijua kwa mtindi, wengine kwa duka la kando ya barabara pale Naivasha ambapo magari ya Nakuru husimama, wengine kwa kesi zilizojaza magazeti miaka ya 2000. Wachache wanajua kwamba ni cheo cha Kiingereza kilichoanza miaka 76 kabla ya mwenye cheo yeyote kukanyaga nyanda za juu za Kenya. Karibu kila swali tunaloulizwa huchanganya urithi wa aina mbili: cheo na shamba. Vyote viwili vimekaa katika ukoo mmoja, lakini kila kimoja kilitoka mkono wake na kina sheria zake. Tuvitenganishe.

Delamere ni jina la ukoo?

Hapana. Ukoo unaitwa Cholmondeley, na Waingereza hulitamka "Chamli", usiulize kwa nini. Delamere ni jina la cheo tu. Mwenye cheo huitwa Lord Delamere na mkewe Lady Delamere. Watoto wao hubaki na jina la Cholmondeley, hata yule atakayerithi, mpaka siku baba atakapofariki.

Cheo kilianza lini, na nani alikitoa?

Tarehe 17 Julai 1821, siku mbili kabla ya Mfalme George IV kutawazwa. Ilikuwa desturi mfalme mpya kugawa vyeo wakati wa kutawazwa, na mmoja wa waliofaidika ni Thomas Cholmondeley, aliyekuwa mbunge wa Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kuanzia 1796 hadi 1812. Alifanywa Baroni Delamere wa Vale Royal.

Vale Royal ndiyo iliyokuwa makao yao. Zamani ilikuwa nyumba ya watawa iliyoanzishwa na Mfalme Edward I karne ya 13. Henry VIII alipovunja nyumba za watawa, mali ikaingia mikononi mwa watu binafsi, na karne ya 17 ikanunuliwa na mjane mmoja tajiri, Mary Cholmondeley. Mfalme James I alifika kwake kuwinda mwaka 1617, akamsifu kuwa ni mwanamke jasiri wa Cheshire. Kwa hiyo utajiri wa ukoo huu ulitangulia cheo kwa karne mbili. Hilo ni jambo la kawaida Uingereza: kwanza ardhi, halafu kiti bungeni, na cheo huja mwisho.

Nimesoma kwamba Delamer wa kwanza alikuwa wa 1661. Ipi ni kweli?

Zote mbili, ila ni vyeo tofauti. Mwaka 1661 Sir George Booth, wa Cheshire vilevile, alifanywa Baroni Delamer. Mwanawe akapanda kuwa Earl wa Warrington. Cheo hicho cha Booth kilikufa mwaka 1770 kwa kukosa mrithi wa kiume. Jina likabaki wazi, akina Cholmondeley wakalichukua baadaye wakiliongezea herufi moja.

Baroni ni mkubwa kiasi gani?

Ndiye wa chini kabisa. Ngazi ni tano: duke, marquess, earl, viscount, kisha baroni. Ukoo wa Cholmondeley una tawi lingine lililofika juu zaidi, lile la Marquess wa Cholmondeley. Wakenya wengi hudhani Lord Delamere alikuwa kama mwana wa mfalme. Kwao Uingereza alikuwa bwana mmoja wa mashambani miongoni mwa mamia ya wenzake. Nairobi ya 1903, yenye mabati na matope, ndiyo iliyomfanya aonekane mkubwa.

Kinarithiwa vipi?

Kila cheo cha aina hii kina hati ya kifalme iliyokianzisha, na hati hiyo ndiyo inayoamua. Nyingi, ikiwemo hii ya Delamere, husema cheo kiende kwa wazao wa kiume waliozaliwa ndani ya ndoa. Mtoto wa kwanza wa kiume hutangulia. Akifa kabla ya baba yake, mwanawe hushika nafasi yake kabla ya wadogo zake. Binti hapati hata akiwa kifungua mimba. Mtoto wa kulea hapati. Wosia hauwezi kubadili neno. Baba anaweza kumnyima mwanawe shamba, nyumba na pesa zote; cheo hawezi kumnyima.

Vyeo vya Uskochi mara nyingine huwa na masharti tofauti, na mfano mzuri ulitokea Kenya kwenyewe. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen tarehe 24 Januari 1941. Hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Diana. Cheo cha Erroll, kwa kuwa ni cha Uskochi, kikamwendea binti huyo. Lakini marehemu alikuwa pia na cheo cha pili, Baroni Kilmarnock, ambacho hakikuruhusu mwanamke. Hicho kikaenda kwa mdogo wake, Gilbert. Risasi moja, na vyeo viwili vikaachana njia.

Na ndoa ya mitala je?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wetu wa Pwani, na lilishafika mbele ya Malodi wenyewe, wajumbe wa bunge la juu la Uingereza. Mwaka 1919 Mhindi wa kwanza, Satyendra Prasanna Sinha, alipewa cheo cha kurithi. Alipofariki, mwanawe aligomewa: ndoa ya wazazi wake ilifungwa chini ya sheria ya Kihindu iliyoruhusu wake wengi, je, mtoto ni halali kwa cheo? Jibu lilipatikana 1939. Alikubaliwa, kwa sababu wazazi walikuwa wamejiunga na dhehebu la Brahmo lenye mke mmoja, na marehemu hakuwahi kuoa mwingine. Yaani mlango ulifunguliwa kidogo tu, wa kupita mtu mmoja.

Wamekuwepo akina Lord Delamere wangapi?

Sasa ni wa sita. Wa kwanza, Thomas, alifariki 1855. Wa pili, Hugh, naye aliwahi kuwa mbunge, akafariki 1887. Wa tatu, Hugh pia, ndiye aliyekuja Kenya. Alizaliwa 1870 na kufariki Novemba 1931. Wa nne, Thomas, aliishi hadi 1979. Wa tano, Hugh George, alizaliwa 1934 na kufariki 2024. Aliyefuata ni mjukuu wake, si mwanawe, na sababu tutaiona chini.

Huyo wa tatu alifikaje Kenya?

Alirithi akiwa na miaka 17, na kuanzia 1891 akawa anakwenda Somalia kuwinda. Katika safari mojawapo simba alimrarua mguu. Aliyemwokoa ni msaidizi wake Msomali, Abdullah Ashur, na tangu siku hiyo bwana huyu alichechemea maisha yake yote. Baadaye akafunga safari ndefu ya ngamia kutoka Berbera kupitia kusini mwa Ethiopia, na mwaka 1897 akatokea nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi mingi ya jangwa, aliona majani mabichi, maji na baridi. Akaenda kwao, akamuoa Lady Florence Cole mwaka 1899, akarudi naye.

Cheo ndicho kilichompa ardhi?

Kisheria, hapana. Hakuna hati ya kifalme ya 1821 inayotaja Njoro wala Elmenteita. Ardhi ya Njoro aliipata mwaka 1903 kwa Kamishna wa serikali ya kikoloni, Sir Charles Eliot, aliyekuwa akitafuta Wazungu wa kulima ili reli ya Uganda ilipe gharama zake. Maombi yake mawili ya kwanza yalikataliwa. La tatu likapita: ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kuwekeza pauni 5,000 ndani ya miaka mitano. Piga hesabu: kwa pauni moja ya kodi ulikuwa unapata ekari 500.

Kwa vitendo, sasa. Je, mchuuzi wa kawaida kutoka Manchester angepewa ekari laki moja? Sidhani. Cheo kilimfungulia milango ya maofisi, kilimpa uzito mbele ya benki, na mashamba ya Cheshire yalikuwa dhamana ya mikopo yake. Kwa hiyo anayesema "alipewa kwa sababu ni Lord" hajakosea sana. Amekosea tu kudhani kwamba cheo na hati ya shamba ni karatasi moja.

Soysambu, shamba la kando ya Ziwa Elmenteita ambalo watu hulifikiria wakisikia jina lake, si ile zawadi ya Njoro. Hilo lilikuja miaka michache baadaye, kiasi cha ekari 50,000, baada ya Njoro kumtoa jasho. Wamaasai wenyewe hawakupenda kulisha Njoro, na walikuwa na sababu. Ardhi ilipungukiwa madini. Kondoo wa merino aliowaagiza kutoka New Zealand walikonda na kufa majani yakiwa tele. Ng'ombe wakapukutika kwa homa ya mapafu na ndigana. Akageukia ngano, ikashikwa na kutu. Akamwajiri mtaalamu wa mbegu na kumjengea maabara palepale shambani, kazi iliyochangia kuifanya Njoro kuwa kitovu cha utafiti wa ngano nchini Kenya. Ukimwondolea yote mengine, ukaidi huo alikuwa nao. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya udongo, nywele ndefu hadi mabegani, akizungumza Kimaa na wachungaji wake hadi usiku.

Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa miaka 99, sivyo?

Sivyo, na hili ndilo kosa tunalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Kuna makaratasi mawili. Moja ni mikataba ya walowezi na serikali, ambayo chini ya sheria ya 1902 ilikuwa ya miaka 99, na chini ya sheria ya 1915 ikaongezwa hadi 999. Jingine ni Mkataba wa Wamaasai wa Agosti 1904, uliowaondoa Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha na Nakuru, na kuwapeleka Laikipia kaskazini na hifadhi ya kusini. Huo haukuwa na miaka. Uliahidi kwamba hawatasumbuliwa tena maadamu Wamaasai wapo kama kabila.

Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia pia. Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai, na wenzake wakaajiri mawakili na kushtaki. Mwaka 1913 mahakama ikasema haina uwezo wa kusikiliza: Wamaasai ni taifa la kigeni, na mikataba hii ni kati ya taifa na taifa. Walikuwa wageni walipodai, lakini hawakuwa wageni walipohamishwa na walipotozwa kodi.

Agosti 2004, Wamaasai wa Laikipia walipoingiza mifugo katika mashamba makubwa na polisi wakawatimua, hoja iliyosikika sana ilikuwa kwamba muda umekwisha. Muda wa mkataba ule haukuwahi kuwekwa. Dai lao lingekuwa na nguvu zaidi kwa kusema kwamba ahadi ilivunjwa.

Ni kweli Unga Limited ni yake?

Baroni wa tatu aliianzisha mwaka 1908 kusaga ngano. Haiko tena mikononi mwa ukoo. Alikuwa pia miongoni mwa walioisukuma KCC, chama cha ushirika cha maziwa, kilichoanza 1925.

Siasa zake zilivuka mpaka?

Zilivuka. Ndoto yake ilikuwa kuona Kenya, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) zikiungana chini ya utawala wa walowezi. Oktoba 1925 aliwaita viongozi wa walowezi kwenye mkutano Tukuyu, huko kusini mwa Tanganyika. Ukiwa mwenyeji wa Mbeya ukaambiwa kwamba wilayani kwenu Rungwe palikaliwa kikao cha kupanga Afrika Mashariki ya Wazungu, ni kweli. Ilifuata mikutano ya Livingstone 1926 na Nairobi 1927. Mpango haukufika popote. London ilikuwa imeshatamka 1923, katika waraka wa Devonshire, kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Waraka huo ulilenga zaidi kuwazima Wahindi waliodai usawa na walowezi, lakini maneno yakishaandikwa hushikwa na kila mtu.

Vale Royal bado ni yao?

Hapana. Kenya iliila. Baroni wa tatu aliipangisha, akachukua mikopo, na kila faida ya Cheshire ikamwagwa Njoro. Mwaka 1947 nyumba ikauzwa kwa kampuni ya kemikali ya ICI; leo ni klabu ya gofu. Cheo kinaendelea kutaja Vale Royal ingawa hakuna Cholmondeley anayelala pale.

Sanamu yake iko wapi?

Barabara inayoitwa sasa Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue, na juu yake aliketi Lord Delamere wa shaba, kazi ya mchongaji Kathleen Scott. Iliondolewa uhuru ulipopatikana. Ukoo uliichukua ikapelekwa Soysambu.

Lady Delamere wa kesi ya Erroll ni yupi?

Diana, aliyekuwa mke wa Sir Jock Delves Broughton na mpenzi wa Erroll. Broughton alishtakiwa kwa mauaji, akaachiliwa Julai 1941, na mwaka uliofuata akafariki huko Liverpool. Diana akaolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa mashamba ya Naivasha, kisha mwaka 1955 na Baroni wa nne. Hivyo wakati wa tukio hakuwa Delamere kabisa. Tusimchanganye pia na Gwladys, mke wa pili wa Baroni wa tatu, aliyekuwa meya wa kwanza mwanamke wa Nairobi.

Tom Cholmondeley alikuwa Lord Delamere?

Hakuwahi kuwa, ingawa vyombo vya habari vilimpachika jina hilo. Alikuwa mtoto pekee wa Baroni wa tano na mrithi mtarajiwa. Mwaka 2005 alimpiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori huko Soysambu. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi kabla haijasikilizwa, na nchi ikachafuka kwa hasira. Mwaka 2006 mwanamume mwingine, fundi wa mawe, alikufa kwa risasi shambani humohumo. Mei 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokaa rumande. Alifariki Agosti 2016 baada ya upasuaji wa nyonga jijini Nairobi, baba yake akiwa hai. Hapo ndipo ile sheria ya kushika nafasi ilipofanya kazi: babu alipofariki 2024, cheo kikamwendea mtoto wa Tom.

Wengi huuliza kama hukumu ingemzuia kurithi. La. Cheo hakiangalii mwenendo.

Mwenye cheo anakaa katika Bunge la Malodi?

Zamani, ndiyo, kwa kuzaliwa tu. Sheria ya 1999 iliwaondoa wenye vyeo vya kurithi wote isipokuwa 92, na Septemba 2024 serikali ya chama cha Labour ikapeleka muswada wa kuwaondoa hata hao.

Mtu anaweza kukataa cheo? Na kununua je?

Kukataa anaweza tangu 1963, ndani ya mwaka mmoja wa kurithi. Mwanasiasa Tony Benn aliipigania sheria hiyo ili abaki kuwa mbunge wa kuchaguliwa. Akikataa, cheo hulala tu mpaka afe, kisha huamka kwa mwanawe.

Kununua ni kosa la jinai tangu 1925. Matangazo ya mtandaoni ya "kuwa Lord kwa dola hamsini" yanakuuzia karatasi ya ukumbusho. Hata anayerithi kihalali lazima apeleke vyeti vya kuzaliwa na ndoa ili aandikwe kwenye daftari la wenye vyeo, lililoanzishwa 2004. Bila hivyo serikali haimtaji kwa cheo hicho.

Soysambu leo ni nini?

Mifugo bado ipo, na tangu 2007 ni hifadhi ya wanyama ya kiasi cha ekari 48,000. Ndani yake mna twiga wa Rothschild, na ziwani flamingo na mwari. Mwaka 2011 Ziwa Elmenteita, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Cheo kikikosa mrithi, ardhi inarudi kwa serikali?

Hakuna uhusiano. Jirani wa Delamere pale Njoro, Lord Egerton wa Tatton, alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na cheo chake kikazikwa naye. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 haikufa. Ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton cha leo.

Ardhi ya Kenya hufuata Katiba ya 2010. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, na ile mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wasio raia ilikatwa ikawa 99, kuanzia Agosti 2010. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia. Kwa hiyo anayetaka kujua hatima ya shamba lolote la walowezi asianze na vitabu vya vyeo vya London. Aende kwenye ofisi ya msajili wa ardhi aangalie jina lililo kwenye hati, kisha aulize uraia wa mwenye jina hilo. Kama si raia, na mkataba ulikuwa wa miaka 999, muda unakwisha 2109.